Kamera Isiyo na Mlio

Kila asubuhi Esnath alianza kwa kufagia, akamwaga maji mlangoni kuzuia vumbi la barabara ya Uyole, kisha akachukua kitambaa laini na kufuta lenzi moja baada ya nyingine. Alizipumulia taratibu, kama anayepooza uji wa mtoto. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote pale studio, kwa sababu hakuna aliyemtaka aseme chochote.

Siku hiyo alikuwa ameshika lenzi ndefu mlango uliposukumwa kwa teke. Ukagonga ukuta, na picha ya bibi harusi iliyoning'inia pembeni yake ikaanguka chini, kioo kikapasuka vipande vipande.

"Kamwene!" Kasian alisalimu kwa Kihehe, mikono imejaa mabegi. "Samahani, dada. Mlango wenu umechoka."

"Ndaga, kaka. Karibu," Esnath alijibu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo, akainama kuokota vioo.

Kasian alikuwa na studio yake Iringa mjini. Gwakisa, binamu yake Esnath na mwenye studio hii ya Uyole, alikuwa amemwita aje wasaidiane kwenye msiba wa mzee Jailos, mfanyabiashara wa mchele aliyejulikana Mbeya nzima. Wawili hao walipenda kuitana marafiki, lakini Esnath hakuwahi kuwaona wakikaa pamoja bila mmoja kuinua sauti.

Kasian hakungoja chai. Alifungua begi, akaitoa kamera yake mpya na kuiweka mezani.

"Itazame. Haina kioo ndani, haina mlio. Nimepigia misa ya upadrisho Tosamaganga, hakuna hata bibi mmoja aliyegeuka. Na gizani inaona kuliko paka, flashi nimeshasahau inafananaje."

Gwakisa aliipima mkononi, akacheka. "Nyepesi kama redio ya mtoto. Betri yake inafika nyimbo ya pili?"

"Inafika mpaka makaburini. Na inashika jicho lenyewe, ndugu yangu. Mtu akitembea, fokasi inamfuata kwenye jicho."

"Leo tunampiga picha marehemu. Kafumba macho. Itashika nini?"

"Itashika ya wafiwa, mjinga wewe!"

"Mimi nataka nikibonyeza nisikie shata ikilia. Flashi iwake, shata ilie, kila mtu ajue kazi imefanyika. Shata isiyolia ni bunduki isiyolia, inabebwa na mtu mwenye nia mbaya."

"Ninyi Wanyakyusa bila kelele hamwamini kitu. Hiyo kamera yako mashine ya kukoboa. Watu wanalia, wewe kacha, kacha! Ungekuwa Iringa ungeshafukuzwa kanisani."

"Na wewe Mhehe, punguza hasira, kamba ziko dukani."

Ulikuwa utani tu, wa kila siku, kwamba Mhehe akikasirika hujinyonga. Lakini Kasian alimzika kaka yake mwaka jana, na Gwakisa alijua alivyokufa. Kasian alirusha ngumi juu ya meza. Ikampata Gwakisa kwenye taya, wakashikana, wakaangukia stendi ya taa. Gwakisa alimbana mwenzake shingo ukutani kwa mkono wake mnene mpaka macho ya Kasian yakaanza kutoka, naye Kasian akamkamata kidole na kukipinda kinyume hadi Gwakisa akapiga yowe. Esnath alisimama na vioo mkononi. Alivifumbata bila kujua mpaka alipoona damu ikidondokea kwenye kitambaa cha lenzi.

"Kaka," alisema. "Kaka, basi."

Waliachiana, wakihema. Gwakisa alitema mate yenye damu nje ya mlango, halafu akacheka tena, kicheko kibaya.

"Sawa. Msiba wenyewe una nyumba mbili, ya mke mkubwa na ya mke wa Usangu. Mimi napiga picha nyumba kubwa kwa mashine yangu ya kukoboa. Wewe piga nyumba ya Usangu kwa bubu wako. Jioni tunaweka picha mezani, aliyeshindwa anyamaze milele."

"Nimekubali."

Esnath aliviweka vioo mezani. Alikuwa ameshika taa kwenye misiba mingi ya mtaa huu. Alijua jinsi wafiwa wanavyoitwa kwenye jeneza kundi kwa kundi, wanasimama bila kutikisika, na hawaondoki mpaka wauone mwanga na kuusikia mlio. Hapo ndipo wanapovuta pumzi na kuwapisha wengine. Leo nyumba moja ingepata mwanga na mlio. Nyingine isingepata chochote.

"Lakini kaka, pale msibani, hao wa Usangu..."

"Esnath, funga kidonda ubebe taa," Gwakisa alisema. "Tunachelewa."

"Ulitaka kusema nini, dada?" Kasian aliuliza, akijifuta pua.

Wote wawili walimtazama. Esnath akainamia kidonda chake.

"Hamna kitu."

Jeneza lilikuwa wazi chini ya turubai, mbele ya nyumba ya mzee Jailos. Nyumba kubwa walikuwa wamekaa mbele kwenye viti, wakiongozwa na Asukile, mtoto wa kwanza. Watoto wa Usangu walikuwa wamesimama nyuma, karibu na mawe yaliyoletwa kujengea kaburi. Walikuwa wawili, Kulwa na dada yake Mbuke, waliozaliwa na mke wa Kisukuma aliyekuwa akilima mpunga wa mzee kule bondeni. Tangu asubuhi watu walikuwa wakiulizana bila kuficha midomo kama hao ni watoto kweli. Mama yao alikuwa ameshakufa, na hawakuwa na picha hata moja wakiwa na baba yao. Mbuke alikuwa amemwambia Esnath hivyo walipokutana bombani, akiuliza kama na wao watapata.

"Mtapata," Esnath alikuwa amemjibu.

Mwongoza ratiba aliita nyumba kubwa. Gwakisa alisimama mbele yao na kidole chake kilichovimba. Flashi ikawaka, shata ikalia, wakabadilishana, ikawaka tena, watoto, wakwe, wajukuu. Wanawake walilia kwa nguvu kila mwanga ulipowapiga.

"Na wale wengine," mwongoza ratiba alisema.

Kulwa na Mbuke walikuja. Mbuke alinyoosha kola ya shati la baba yake. Kulwa, mwanamume mpana mwenye viatu vyenye matope ya majaruba, aliweka mkono kwenye bega la marehemu, akainua uso na kusimama wima. Kasian alizunguka polepole, Esnath akiwa nyuma yake, akapiga upande huu, akapiga upande ule, akapiga goti. Hakuna kilichosikika. Alipomaliza alishusha kamera. Hakuwa na desturi ya kuongea mbele ya maiti, kwa hiyo aliwainulia dole gumba tu.

Kulwa hakuondoka.

"Asanteni, tupishe," mwongoza ratiba alisema.

"Bado hatujapigwa picha."

"Mmeshapigwa, bwana. Watu wanasubiri."

"Wale imewaka. Sisi mbona haikuwaka?" Kulwa alimgeukia Kasian. "Nani amekuambia utuzugezuge?"

Mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, "Kwani nyumba ndogo nayo inaingia kwenye albamu?"

Watu wakacheka. Hawakuwa wengi, lakini walitosha.

Kulwa aliukamata mkanda wa kamera shingoni kwa Kasian na kuuzungusha. Akamvuta, akamgonga paji la uso kwenye nguzo ya turubai, akamgonga tena, turubai lote likatetemeka. Damu ikamwagika kutoka puani na mdomoni. Kasian alijaribu kusema, jino likatoka na maneno hayakutoka. Watoto wa Asukile waliruka na viti vya chuma. Kiti cha kwanza kilimpata Kulwa kichwani, nyama ikafunguka juu ya jicho, naye hata hakugeuka. Mbuke alimng'ata mmoja mkono na kutupwa chini, akakanyagwa. Meza ya jeneza ilisukumwa, mzee Jailos akateleza, kichwa chake kikagonga mbao, na wanawake wakapiga yowe moja lililowaondoa kunguru kwenye bati.

Kulwa aliing'oa kamera shingoni mwa Kasian, akaipeleka kwenye mawe ya kaburi. Aliipiga mpaka lenzi ikasagika, mpaka vyuma na kadi za ndani vikawa unga mweusi uliochanganyika na damu yake mwenyewe. Kisha akainua jiwe lenyewe na kurudi alikolala Kasian. Gwakisa alimsubiri pale ameshika mguu wa kamera kama shoka.

Esnath alikuwa katikati yao. Hakukumbuka kutembea.

"Alikupiga picha," alimwambia Kulwa. Sauti ilitoka ndogo, akaanza upya, safari hii kwa kifua chote. "Alikupiga picha! Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeona kwenye skrini yake. Ulikuwa umeweka mkono begani kwa baba. Mbuke alikuwa anatazama kola. Ile kamera haina mlio na haiwaki, ndivyo ilivyotengenezwa. Picha zenu zilikuwa humo ndani."

Kulwa aliitazama ile takataka juu ya mawe. Jiwe likamtoka mkononi. Akakaa chini palepale, akaanza kuviokota vipande kimoja kimoja na kuvifunga kwenye pindo la shati.

"Imetosha," Asukile alisema, akihema, kiti bado kiko mkononi. "Fungeni jeneza. Mchungaji, tuendelee."

Mafundi walileta misumari. Mbuke alikuwa akijiinua kutoka chini, jicho moja limeziba.

"Msifunge!" Esnath alisema.

Watu waligeuka kumtazama. Alimgeukia Gwakisa, kisha Kasian aliyekuwa akitema damu kwenye nyasi.

"Asubuhi mliniuliza nataka kusema nini, nikasema hamna kitu. Nilitaka kusema hivi. Mmegawana maiti ya baba wa watu ili mjue nani ana kamera nzuri. Mmewawashia hawa taa, wale mkawaacha gizani, na wao wote ni watoto wake." Alinyoosha mkono wenye kitambaa cha damu. "Mzee arudishwe alale vizuri. Kulwa na Mbuke waje wasimame. Na wewe kaka, nipe hiyo kamera."