Baiskeli Iliyofukizwa Udi

Fuad alikuwa na ukucha. Watu wote wana kucha, sawa, lakini Fuad alikuwa na ule wa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ameuacha ukaota mpaka ukajikunja kama kijiko, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchokoa masikio. Zakiya, ameketi na shangazi yake Bimdogo kwenye baraza ya duka la Fuad pale Kibokoni, aliuona ukucha ukiingia, ukizunguka, ukitoka na mzigo. Fuad akautazama ule mzigo kama sonara anayekagua kito, akaupangusa kwenye kikoi, kisha kwa ukucha ule ule akakata halua.

"Karibuni, karibuni. Bimdogo, tafadhali. Na wewe bibi harusi, kula."

"Bibi harusi wa nani, Ami?" Zakiya akauliza.

"Wa baiskeli!" Fuad akacheka, na Chonga, jirani yake mwenye duka la vyandarua, akacheka naye huku mashavu yamejaa halua.

Mzaha huo Zakiya haukumfurahisha, maana kwake jambo hili halikuwa mchezo. Alitaka baiskeli ya umeme ya bei ya mtu wa kawaida. Siku za kazi aivushe daraja la Nyali, kutoka kwao Bondeni hadi duka la dawa anakouza, asifike amerowa kama aliyetoka kuogelea. Na Jumapili apande nayo njia za mawe na mizizi kule vilima vya Rabai. Mutanu, mwanamke wa Kikamba anayewatembeza wageni kwa baiskeli huko, alikuwa amemwahidi kazi ya kuongoza kundi la wanawake. Lakini aje Jumapili hii hii, na baiskeli yake mwenyewe, na ipande mlima Mutanu akiona. Isipopanda, kazi atapewa mwingine, na Zakiya ataendelea kuuza dawa za minyoo mpaka azeeke.

Mpya za dukani hakuziweza. Ndipo Bimdogo, aliyemlea, akasema twende kwa Fuad, ana za mitumba, tena ni mtu wa ukoo. "Na huendi peke yako. Kitu kikubwa kama kile mtoto wa kike hujinunulia vipi? Atakuona huna watu." Akalishika lile jambo kama posa. Akavaa buibui la kutokea, akajitia manukato, bahasha ya pesa za Zakiya akaifutika kifuani.

Sasa sahani ya halua ilikuwa mbele ya Zakiya, na kipande chake kina alama ya ukucha, imejikunja vizuri kama mwezi mwandamo.

"Kula," macho ya Bimdogo yakasema.

Akala. Yaani akatia mdomoni. Kumeza, koo likakataa katakata. Halua ikakaa juu ya ulimi, inayeyuka na kuteleza, na kila ikiteleza Zakiya anaona sikio la Fuad.

Fuad akaingia ndani, akatoka akiikokota baiskeli. Nyeusi, inang'aa, tairi pana zenye meno, breki za diski mbele na nyuma. Alikuwa ameifukiza udi. Moshi bado unatoka chini ya kiti kama nguo za harusi zilizotoka kutandazwa juu ya chetezo.

"Haya, iangalie! Mlima huu, bonde hili, yote kwake ni sebule. Betri mpya, wallahi!"

Zakiya akainuka, mashavu yametuna. Akainama. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya papa mkavu. Akaivuta betri. Haitoki. Nyumba yao ni ghorofani, ngazi zake zimesimama kama ukuta, baiskeli italala dakani, pale mlangoni chini, na betri ndiyo ya kupanda juu ikachajiwe, isiyotoka haimfai. Akavuta tena. Ikatoka nusu, pamoja na tepu nyeusi inayonata, magamba ya samaki, na mende. Mende mmoja akamkimbilia kwenye mkono wa buibui, wengine wakatawanyika sakafuni wakamfuata Chonga.

Zakiya akataka kupiga kelele. Lakini mdomo umejaa.

"Mmh! Mmmh!"

"Mwaona?" Fuad akasema, akimpa Bimdogo mkono. "Mwari kanyamaa. Karidhia."

"Alhamdulillahi," akasema Bimdogo, ambaye alikuwa akitengeneza mtandio wake wala hakuona mende. Mkono ukaingia kifuani kutafuta bahasha.

"Mabruk!" akapaza Chonga, miguu ameiinua juu.

Zakiya akaiona bahasha ikichungulia. Akaiona Jumapili, na yeye anaisukuma maiti ya baiskeli kwenye kilima, Mutanu akitikisa kichwa. Ilibidi aseme, na ili aseme ameze au ateme. Akatema. Akaitema halua kiganjani, akairudisha sahanini.

"Siitaki!"

Bimdogo akageuka.

"Lahaula! Zakiya! Watema halua ya watu?"

"Halua ina nta ya sikio, shangazi! Na baiskeli ilikuwa ya muuza papa, imevishwa udi tu! Njoo uone mende!"

Chonga akaacha kutafuna. Akautazama ukucha wa jirani yake, akatazama sahani, akaondoka mbio kushika njia ya dukani kwake, kiganja mdomoni.

Bimdogo akainama, akanusa chini ya kiti, akakunja pua. Bahasha ikarudi kifuani. Lakini hasira zake zikamwangukia Zakiya. "Hata hivyo! Mtu husema pole pole. Huyu ni ami yako."

Fuad alikuwa amevimba. Nyuma yake, ndani kabisa, Zakiya akaona baiskeli nyingine, rangi yake kama mboga iliyochacha, imekwaruzwa kotekote. Hata vumbi haikupanguswa. Akaenda bila kuombwa. Betri ikatoka mara moja, safi, ikarudi ikabana. Tairi zina meno. Breki zashika.

"Na hii?"

"Hiyo mbaya," Fuad akasema. "Mtu akiiona atanicheka."

"Naijaribu."

Hakungoja jibu. Akashuka nayo mpaka bandari ya kale, akageuka, akapanda nayo mlima wote kuelekea Ngome ya Yesu, mota ikinguruma pole pole kama paka aliyeshiba, wauza vinyago wakimpigia makofi. Hakuhema. Akarudi akiwa anacheka peke yake.

Bei ilikuwa ndogo kuliko ya ile nyeusi. Lakini Fuad akaushika usukani.

"Siiuzi."

"Kwa nini, Ami?"

"Umenitukania chakula changu barazani kwangu. Kesho Kibokoni nzima watanijua kwa nta. Wataka baiskeli? Nibusu mkono, uniombe radhi, yaishe."

Akaunyosha mkono wa kulia.

Bimdogo akashusha pumzi. "Hilo ni haki yake, mwanangu. Mbusu mkubwa wako."

Zakiya akaukodolea macho mkono. Ukucha ulikuwa pale, umemkabili, una halua kidogo pembeni na kitu kingine ambacho si halua. Duka lingine la bei hii hakuna. Siku nyingine hakuna. Akafumba macho, akazuia pumzi, akainama, akambusu pale karibu na kifundo, mbali iwezekanavyo na kile kijiko.

"Nisamehe, Ami."

"Yamekwisha, mwanangu, yamekwisha!" Fuad akafurahi mpaka machozi, na kwa furaha ile akampapasa shavu, kwa mkono ule ule, ukucha ukimpitia chini ya jicho hadi pembeni mwa mdomo.

Zakiya akabana midomo mpaka mkono ulipotoka usoni pake.

"Ami," akasema kupitia meno, "nipe na chaja yake."