Ghala Lisilofunguka kwa Kibodi

Siku Vitus alipomwambia Leticia akaazime mikono ya mtu, alicheka mpaka akashika mbavu. Leticia hakucheka. Alikimeza kicheko kile kama kidonge cha kwinini, akakitunza tumboni na uchungu wake wote.

Malaria ya utotoni ilimwachia mikono inayotetemeka. Kipanya humkimbia mezani, kibodi haimkimbii. Kwa kibodi alipata stashahada yake, na kwa kibodi alikuwa akifundisha kompyuta, kwa majaribio, katika kituo kimoja cha mafunzo pale Ifakara. Mambo yalikwenda sawa hadi Vitus, fundi wa programu, alipoleta Ghala: dirisha la kuchagulia programu na kuzisakinisha kwenye mashine za wanafunzi. Lilipendeza, picha na rangi tele. Lakini ukibonyeza Tab, kitufe cha kusogea bila kipanya, unazunguka ndani ya orodha ya programu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kitufe cha "Sakinisha" hukifikii ng'o. Leticia alimweleza kistaarabu. Ndipo alipoambiwa akaazime mikono.

Basi mashine zake zikabaki tupu, na Vitus akamnong'oneza mkuu wa kituo, Mama Marsiana: "Dada huyu mzito. Ninaye binamu yangu, Salvatory, mwepesi kama nini." Majaribio yalikuwa yanaisha wiki ile, na kazi ilikwishaanza kunukia kwa Salvatory. Leticia naye habari zilikwishamfikia.

Kabla hayajaisha, wakaja walimu wakuu kutoka Mngeta na Mlimba, wanataka kuliona Ghala walinunue. Leticia aliambiwa aandae meza. Akaiandaa, na maua akaweka.

"Kipanya kiko wapi?" Vitus aliuliza, akipapasa meza.

"Kimo mkobani mwangu," Leticia akajibu. "Kwetu Masagati mwenye pombe huonja kwanza, wageni wakimwona. Onja, kaka. Kwa kibodi, kama unavyoninywesha mimi."

"Haya, onja bwana!" mwalimu mmoja akadakia.

"Acha utoto! Lete kipanya!" Vitus akafoka.

"Kaa hapo, Vitus," Mama Marsiana alisema. "Si ulisema mzito ni yeye?"

Vitus akabonyeza Tab. Akabonyeza tena. Alama ikashuka kwenye orodha, ikarudi juu, ikashuka. Leticia alisogea nyuma yake, karibu kabisa, apate kuona kola ya shati ikilowa jasho. Utamu alioupata pale asingeubadilisha na pilau ya harusi.

"Umekwama, kaka? Nikuitie Salvatory?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Walimu waliondoka bila kununua. Mama Marsiana akamwagiza Vitus arudi na Ghala linalofanya kazi kwa kibodi tangu mwanzo hadi mwisho. "Na atakayelipima ni Leticia, mwalimu wetu," akasema. Habari za majaribio hakuzitaja tena.

Vitus alikuwa amevimba. "Umenivua nguo mbele za watu. Niombe radhi."

"Mwombe tu, mwanangu," Mama Marsiana alimbembeleza. "Mtafanya kazi pamoja."

Leticia alikuwa akikusanya vikombe vya wageni, vikigongana mikononi mwake. Akavitua.

"Shikamoo yako, Mama, utaipata kila asubuhi. Kazi nitafanya naye. Radhi siombi. Leo siombi, na kesho akirudi, siombi."