Breki za Kumpandisha Mama

Mama yangu hakuwa amepanda gari tangu siku breki zilipokataa kushika mteremkoni, baba akafia kwenye usukani na yeye yuko kando yake. Sokoni kwa miguu, msibani kwa miguu. Dada yangu alipojifungua mapacha mji wa pili, mama alilia kwa furaha, kisha akasema atawaona wakishajua kutembea, watakuja wenyewe.

"Mama, nitafunga breki ambazo hata ukikanyaga kwa kidole gari linasimama," nikamwambia, tena mbele ya shangazi na majirani. Nilijipiga kifua hasa. Mama akafikiri, akasema sawa, ukishafunga nitapanda.

Nikaagiza seti kubwa: diski pana na kaliper nyekundu, kile chuma kinachobana diski. Muuzaji alituma pia karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo la kaliper. Alitaka nifungue gurudumu, niipitishe ndani ya rimu, nione kama nafasi ipo. Nani ana muda huo? Gari langu nalijua. Karatasi nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Safari ya kwenda kwa dada ikiwa kesho yake, fundi alifunga kila kitu, matundu ya bolti yakakaa sawasawa. Gurudumu ndilo lililokataa. Akaligeuza, akalisukuma kwa goti, akachuchumaa kuchungulia.

"Dada, rimu zako ndogo. Zinagonga kaliper. Kwani hukupima?"

"Wewe ndiye fundi!" nikamfokea.

"Mimi nafunga ulicholeta. Tafuta rimu kubwa, au nikurudishie breki za zamani. Hizo ni nzima, nimezikagua."

Rimu kubwa zingepatikana wiki inayofuata. Ningempigia mama simu nikasema hivyo, yangekwisha. Lakini nilikuwa nawasikia shangazi na majirani wakinicheka hata kabla hawajacheka. Nikamwambia fundi arudishe breki za zamani, kisha azipake rangi nyekundu. Alinitazama, akaenda kutafuta kopo la rangi. Nilijua nimeshuka machoni pake.

Asubuhi mama akainama kando ya gurudumu.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo, Mama."

Akapanda. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuujaribu, nami nikajifanya natafuta miwani.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza hata mteremko wa kwanza. Nilikanyaga breki, gari likapunguza mwendo vizuri kabisa, mama akashusha pumzi. Akanigusa goti.

"Asante, mwanangu. Hizi nimeziamini. Sasa nitakuwa naenda kuwaona kila mwezi."

Bora angenizaba kofi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaegesha pembeni.

"Mama, ni zile zile za zamani. Mpya hazikuingia, nikazipaka hizi rangi. Lakini ni nzima, naapa, fundi kazikagua."

Akashika kifungo cha mkanda.

"Marehemu naye," alisema, "siku ile aliniambia amebadilisha."

Akafungua mkanda, akashuka na mkoba wa nguo za watoto, akaanza kupanda mlima kurudi nyumbani. Nilimfuata nikimwomba msamaha. Hakunifokea, na laiti angenifokea. Alinikabidhi tu mkoba.

"Wapelekee. Mimi natembea."

Nikabaki nimesimama na mkoba, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Simu ikaita. Dada yangu.

"Mmefika wapi? Watoto nimeshawaogesha, wanamsubiri bibi yao."

"Bibi yao haji."

"Jamani! Kaogopa tena?"

Ningeweza kusema ndiyo, na angeniamini. Mama nilikuwa bado namwona kwa mgongo, akipanda taratibu ukingoni mwa barabara.

"Hapana," nikasema. "Alipanda. Mimi ndiye niliyemshusha."