Injini ya Mwalimu, Mezani kwa Waldemar

Kwa miaka kumi na moja nilikwenda kazini kwa lifti. Shule ninayofundisha iko Paso Hondo, kilomita thelathini na nane kutoka Tacuarembó mjini, njia yote kokoto, na basi hupita mara mbili kwa wiki, tena mchana, saa ambazo hazimfai mwalimu. Kila alfajiri nilisimama njia panda na begi langu la madaftari nikisubiri lori la maziwa, au la ng'ombe, au yeyote mwenye nafasi. Madereva walinijua. Wengine walianza kunisimulia matatizo ya ndoa zao kabla hata sijafunga mlango.

Asubuhi moja ya Juni, baridi imegandisha madimbwi barabarani, lori la maziwa halikutokea. Nilikuja kusikia baadaye kwamba lilipasukiwa na matairi mawili. Nilisimama pale zaidi ya saa mbili, na nilipofika shuleni ilikuwa karibu adhuhuri. Wanafunzi wangu tisa walikuwa nje ya geti, wamebanana ukutani, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyelalamika. Mdogo wao, Yamila, wa miaka sita, alikuwa amejikojolea, na suruali imemwia ngumu miguuni kwa baridi. Nikamvua, nikamfunga sweta langu kiunoni, nikawasha jiko la kuni. Nikiwa bado nimepiga magoti mbele ya lile jiko, nikaamua kununua gari, hata likiwa bovu namna gani.

Lililokuwa ndani ya uwezo wangu lilikuwa moja tu, gari dogo jeupe la mwoka mikate wa mtaa wa pili. Kwa miaka ishirini lilikuwa likisambaza mikate. Milango ilikuwa imeliwa na kutu, kiti cha abiria kimefungwa kwa waya, na ukifungua tundu la hewa unapulizwa unga usoni. Mwoka mikate hakunidanganya. Alisema mkweche wake unakunywa oili kuliko petroli, na kwamba mtu pekee wa kuufufua ni jirani yangu Waldemar.

Waldemar alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ufundi aliuanza akiwa na kumi na minne. Gereji yake ilikuwa banda la mabati ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, nami nilizoea kuamshwa na nyundo yake kuliko na saa. Nilipolifikisha gari pale, likitoa moshi wa buluu, alifungua boneti. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Akasikiliza kwa muda mrefu, mpaka nikaona aibu kana kwamba ni kifua changu kinachopimwa.

"Zima," akasema. "Hili halijafa, mwalimu. Limechoka tu. Niachie likizo yote ya Julai, nalifungua lote."

"Lote, Don Waldemar?"

"Lote. Sitaki uje unililie hapa kila Jumamosi."

Likizo ilipoanza akaishusha injini, akaiweka juu ya meza ya mbao, akaanza kuifungua kipande baada ya kipande. Nilikuwa napita jioni na kibuyu cha yerba, yale majani machungu tunayokunywa kama chai, tunapokezana mrija huku akifanya kazi, na mkewe Nibia analeta maandazi siku za mvua. Bolti na nati alikuwa anazitia kwenye makopo matupu, makopo kumi na manane, bila kuandika kitu juu yake. Mimi ni mwalimu, jambo lile lilinikera. Nikamwambia nitamletea karatasi na gundi tuyape majina. Akacheka. Alisema kopo la kwanza ni la kwanza na la mwisho ni la mwisho, yeye hajawahi kupoteza hata wosha, na kwamba akianza kuandika ndipo atakapoanza kusahau.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Nibia alinigongea dirisha. Hakupiga kelele. Alisema, "Mzee wangu kaanguka, nisaidie kumgeuza." Tulimkuta chini ya meza, mdomo umepinda, spana bado ipo mkononi. Kilikuwa kiharusi.

Alikaa hospitali wiki tano. Aliporudi, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havina kazi, na maneno yake yote yalikuwa yamepotea isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "kesho". Akitaka maji, kesho. Akitaka kulala, kesho. Daktari alieleza kwamba akili ipo, anaelewa kila anachoambiwa, ila njia ya kutoka maneno imeziba. Wateja wake waliokuja kumpa pole walijitahidi wasicheke, na mmoja, Baudilio mwenye trekta, akashindwa. "Si ndilo alilokuwa anatuambia miaka yote?" akasema. Waldemar mwenyewe alicheka, upande mmoja wa uso. Kisha machozi yakamtoka, nasi tukaondoka mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye lifti. Gari langu lilikaa palepale bandani, boneti wazi, tumbo tupu, na injini yake vipande vipande kwenye makopo yasiyo na majina. Mafundi wawili wa mjini walikuja, wakachungulia, wakaenda zao. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakuna fundi anayependa kufunga injini aliyoifungua mwingine.

Basi mwisho wa Agosti nikaanza kumpelekea Waldemar makopo. Nilianza na moja, kama mchezo, nikalimwaga kwenye trei mapajani mwake. Mkono wake wa kushoto ukaamka. Akazitenga bolti ndefu na fupi, akainua mbili akanionyesha, akazipeleka hewani mahali ambapo, machoni pake, injini ilikuwepo. Nikaandika nilichodhani amesema. Siku mbili tukaenda vizuri. Siku ya tatu alishika kipete kidogo cha shaba, chembamba, akakiinua, akanitazama. Nikauliza ni cha pampu ya maji. Akatikisa kichwa. Nikauliza ni cha pampu ya oili, cha kabureta, cha klachi. "Kesho," akasema, "kesho, kesho," sauti ikipanda, jasho linamtoka, mpaka akaipiga trei na vyote vikatawanyika sakafuni.

Nibia aliniinamia tulipokuwa tunaokota. Alisema kwa sauti ya chini, ili mumewe asisikie, "Zulma, hebu niambie ukweli. Unakuja kumwona yeye au unakuja kuliona gari?"

Nilitamani kusema namwona yeye. "Vyote viwili," nikamjibu.

"Angalau husemi uongo," akasema, na hakunitazama tena siku ile. Sikurudi na makopo.

Katikati ya Septemba nilimpata Ariel Techera, fundi kijana aliyetoka kufungua gereji yake karibu na stendi. Alikuwa mchangamfu, ana mikono ya haraka, na hakuogopa makopo. Nibia akamruhusu afanyie kazi bandani. Kwa siku sita akaifunga injini yote, akairudisha tumboni mwa gari. Mezani zikabaki bolti mbili na kile kipete cha shaba. Nikamwuliza. Akasema vitu vya kubaki havikosekani, pengine Waldemar alikuwa amevitoa ili aweke vipya, pengine ni vya gari jingine kabisa, banda hili limejaa vyuma vya miaka hamsini.

Jumamosi akapiga stata. Injini ikawaka mara ya kwanza, bila moshi. Nilipiga makofi kwa furaha. Nibia alikuwa amemsukuma Waldemar kwa kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni ili naye aone. Kwanza alitulia, kichwa kimeinama upande, macho kafumba, kama siku ile ya bisibisi. Halafu akafumbua macho, akaanza kuupiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima. "Kesho. Kesho. Kesho."

"Kafurahi mzee," Ariel akasema.

Nibia alisema la, amechoka, kelele zinamsumbua, akageuza kiti. Lakini mimi niliyaona yale macho. Nilimfuata hadi ndani, nikachuchumaa mbele yake. Nikauliza kama ni maji. Oili. Mkanda. Kila nilichotaja alitikisa kichwa, au alikubali na mara hiyohiyo akakataa, mpaka nisijue ndiyo yake ni ipi. Nilimletea karatasi na penseli. Mkono wa kushoto ulichora duara, ukaongeza mstari, ukachora duara jingine juu yake, ukasimama. Nilimpelekea Ariel karatasi ile. Aliigeuza huku na huku, akaniambia kwa upole kwamba mzee ni mgonjwa, na injini aliifunga yeye, na imewaka.

Nifanye nini? Kila fundi niliyemwita alikuwa amekataa isipokuwa huyu. Mwenye kujua alikuwa hasemi. Na Jumatatu watoto wangekuwa getini.

Nikaliendesha. Kwa siku nane za shule nilikuwa mtu mwingine. Nilifika kabla ya wanafunzi, nikawasha jiko, wakaingia darasani kukiwa na joto. Nililipita lori la maziwa na dereva wake akanipigia honi ndefu. Jioni niliwapakia Yamila na kaka yake Nahuel, ambao nyumba yao iko kilomita saba mbele ya shule kuelekea mjini, wakabishana nani akae mbele kwenye kiti cha waya. Na kila asubuhi, nilipotoa gari, Waldemar alikuwa dirishani. Nilimpungia mkono. Hakunipungia. Alilitazama gari tu mpaka likate kona, na mimi niliwasha redio.

Siku ya tisa, jioni, tunapanda mlima mdogo kabla ya daraja la Paso Hondo, nikasikia kugonga. Kulianza kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Niliondoa mguu kwenye mafuta, na kabla sijafika pembeni kukatokea mshindo, usukani ukawa mzito, chuma kikaburuza chini, moshi mweupe ukaingia kupitia lile tundu la unga. Gari likaanza kurudi nyuma. Kulia kwetu kulikuwa na mtaro na chini yake mto. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikavuta breki ya mkono, tukaendelea kurudi, polepole, huku nikimwambia Yamila akae tu, akae tu, kana kwamba kukaa kwake ndiko kungelisimamisha gari. Gurudumu la nyuma likapanda jiwe. Tukasimama.

Niliwatoa watoto, nikawapeleka ng'ambo ya barabara. Halafu nikachungulia. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika na kutoboa ubavu wa injini, tundu la kupitisha ngumi, na oili ilikuwa inatiririka juu ya kokoto kuelekea mtoni. Hata mimi, nisiyejua kitu, nilijua hapo hakuna cha kufunga tena. Nahuel aliuliza kama itapona. Nikamwambia avae kofia yake, upepo unaanza.

Baudilio ndiye aliyelivuta gari hadi mjini, bandani kwa Waldemar, kwa trekta lake siku iliyofuata. Ariel alikuja kuliona. Uso ulimshuka, akasema injini imenoki kwa kukosa oili mahali fulani, na mahali penyewe yeye hawezi kupajua, inaweza kuwa kile kipete na inaweza isiwe. Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi, wakati mimi ndiye niliyeyaona yale macho?

Kwa Waldemar nilikwenda jioni hiyohiyo; Baudilio alikuwa ameshawafikishia habari yote. Nilitaka kuomba radhi. Nilikuwa bado sijakaa vizuri alipounyakua mkono wa sweta langu, akavuta. "Kesho?" akasema. Nikamwambia ndiyo, imekufa, ulijua, nami sikukuelewa. Akavuta tena. "Kesho?" Nikaanza kumweleza tundu lilipo, upande wa kushoto, silinda ya tatu. Akatikisa kichwa kwa hasira. Nikataja oili, nikataja kipete, nikataja pampu. Kila jina lilimwumiza zaidi, vidole vyake vikizama kwenye sufu mpaka nikazihisi kucha.

Nibia alikuwa jikoni anakausha sahani. Alisimama mlangoni, akamtazama mumewe.

"Hakuulizi gari," akasema. "Anauliza watoto."

Nikamgeukia. "Wazima, Don Waldemar. Wote wawili. Hawakuchubuka hata kidogo."

Akaliachia sweta. Akaegemeza kichwa nyuma, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

Alifariki Aprili, bila neno la pili kurudi. Nibia alikwenda kuishi kwa dada yake, mji wa Rivera, na banda likauzwa. Mnunuzi alinipa wiki moja nilitoe gari langu. Sikupata wa kulinunua. Wauza vyuma vikuukuu walikuja kulikata siku ya Alhamisi, nami nilikuwa kazini.