Majina Hema kwa Hema

Watu wetu wananisifu kwa kumbukumbu. Kila mwaka tukikutana kuwakumbuka waliouawa kambini, mimi Theogene ndiye ninayesimama mbele kutaja majina, na sishiki karatasi. Nayatoa kichwani, mia moja arobaini na saba, hema kwa hema. Wamama wanalia, kisha wananishika kichwa na kuniombea baraka. Wanasema Mungu amenipa kipaji.

Kipaji gani! Nayajua kwa sababu niliyaandika mimi.

Sisi ni watu wa milima ya Kivu Kusini, watu wa ng'ombe. Kwetu walituambia si raia, turudi tulikotoka, na babu za babu zetu wamezikwa kwenye milima hiyo hiyo. Tukakimbilia kambi ya mpakani. Sasa mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hayumo kitabuni, siku akiulizwa jina lake likaandikwa, anafurahi kama amepewa ndama. Ndiyo akili yetu, na waliotuchukia waliijua kuliko sisi.

Afisa wa eneo alikuja akasema anataka orodha ya mahema ya upande wa mto, mama na watoto wake, kwa ajili ya ulinzi. Akauliza nani ana mwandiko mzuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na diploma ya sekondari, na kichwa kikubwa. Akanipa kalamu mpya na kitanda mjini, nyuma ya ofisi yake, nisilale tena kwenye matope. Wamama walinisubiri wamevaa vitenge safi. Wengine waliongeza mtoto mmoja wa uongo ili wapate sabuni zaidi, nami niliandika nilichoambiwa bila kuhesabu vichwa. Jina langu sikuliandika. "Mwandishi haandikwi," afisa alisema, nikacheka naye.

Wiki tatu baadaye, kulipopambazuka, watu wenye bunduki walisimama kati ya mahema na karatasi yangu mkononi, wakaanza kuita. Kambini, ukisikia jina lako asubuhi, maana yake ni unga na sabuni. Watu walitoka wameshika mifuko.

Waliobaki ni wa upande wa pili wa kambi, ambao sikutumwa kuwaandika. Hawakuniona na kalamu. Walioniona walikufa wote, au ndivyo nilivyoamini.

Mwaka 2014, tukiwa tumeshahamia Marekani, tulikumbuka hapa Louisville, kwenye kanisa la Okolona. Mwaka 2015 tukaenda Columbus, kwa ndugu zetu wa Reynoldsburg. Huko mzee Karaha, mwenyekiti wetu, alinivuta pembeni, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Theo, juu ya nini unasomaka kwa hema? Sisi batu tunabahesabiaka kwa ukoo."

"Njo vile balikuwa banalala, muzee," nikamjibu.

Akanikumbatia. Alidhani ni huzuni.

Kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee, mashariki ya Louisville. Naosha watu, nawalisha, nabadilisha mashuka. Kati ya wazee wangu alikuwepo bibi Charlotte, miaka tisini, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani. Ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili. Chai ikipoa aliniuliza kama nimeipitishia Columbus kwanza. Niliporudi kutoka safari ile kweli aliniuliza nilikwenda kufanya nini, na mimi, mjinga, nikajisifu. Nikamtajia mahema kumi ya kwanza.

Alinisikiliza amefumba macho. "Ni nani anayewajua wafu kwa mpangilio wa vitanda vyao?" akauliza. "Mtoto aliyefiwa hawajui hivyo. Karani ndiye anayewajua hivyo."

Niliacha kumfunga vifungo vya sweta.

Bibi Charlotte alifungua droo akatoa nakala ya kadi ya zamani: jina la mwanamke, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, nambari ya nyumba. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza sana.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Na huu ni mwandiko wa baba."

Baba yake alikuwa wakili. Aliipenda katiba ya nchi yake kama wengine wanavyopenda dini, na hakukosa uchaguzi hata mmoja. "Watu hudhani kulikuwa na siku moja serikali ilipoanguka, ikatoa kishindo," aliniambia. "Hakukuwa na siku hiyo. Waliotuchukia waliingia kwa mlango wa mbele, wengi wakawapigia makofi. Kisha ikaja sheria, na sheria nyingine. Mahakimu Wayahudi nje. Mawakili nje. Watoto nje ya shule. Baba alizisoma zote, akasema zitapingwa mahakamani. Mahakama ipi? Mwisho walimweka kwenye ofisi ya jumuiya yetu, wakamwamuru aandike kadi ya kila Myahudi wa mji. Akaziandika vizuri. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa Uingereza kwa treni ya kuokoa watoto. Waliobaki walichukuliwa kwa kufuata kadi zile, wakapelekwa mashariki kuuawa."

"Hakujua," nikasema. Sijui nilikuwa namtetea nani.

"Waliotuua ni wale wengine, usije ukakosea hapo. Baba alilazimishwa. Lakini kuna kitu kimoja tu kinachoniwezesha kumwita baba." Akatoa nakala ya pili. "Hii ni kadi yake. Aliiandika mwenyewe, akapanda treni moja na mama. Na wewe, Theogene, ulikuwa hema gani?"

Nilimwambia yote. Hakuna mtu mwingine duniani niliyewahi kumwambia. Hakunipapasa wala kunifariji. Alisema tu, "Waambie watu wako mwenyewe, kabla hujasemewa."

Nikamwahidi. Nikapitisha miezi mingi nikimwahidi. Alikufa Mei, na nilimvalisha mimi, nikiwa bado sijasema kitu.

Juni hiyo mzee Karaha alinipigia simu kwa furaha. "Theo, kuna mutu wa kutosha kwa bafu, kumuondoa kwa majina ya bale balikufa! Mama Kostansia iko muzima! Amefika Buffalo tangu mwezi wa ine."

Kostansia, hema la saba, watoto wanne. Alikuwa ameniona na kalamu. Agosti nilisafiri hadi Kenmore, kaskazini ya Buffalo, mkutano wa mwaka 2016 ulikofanyika, na njiani niliyapanga maneno ya kuungama. Nilidhamiria kabisa, mbele ya Mungu.

Basi mlangoni mwa kanisa akaja mama Kostansia mwenyewe, mzee, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Akanitazama usoni. Mimi sasa nina ndevu na tumbo. Akasema, "Njo weye unakumbukaka batoto betu? Mungu akubariki, mwana wangu." Hakunitambua. Nilihisi nafuu, na hapo hapo nikazimeza zile toba zangu zote. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi Buffalo.

Nikasimama mbele. Hema la kwanza, la pili, la tatu. Wamama wakaanza kulia taratibu. Hema la saba: Aloisi, Jolie, Minani, Gisubizo.

"Simama," mama Kostansia akasema.

Nikakatisha kutaja.

"Rudilia ile jina ya mwisho."

"Gisubizo."

Aliinuka kwa kushika kiti cha mbele. "Miye nilizalaka batoto batatu. Gisubizo hakuzaliwaka. Nilimutungaka juu ya sabuni, hata bwana yangu hakujua. Nilipatiaka ile jina mutu moja tu, kijana wa kalamu." Hakupaza sauti. "Ile asubuhi nilikuwa kuchota mayi. Nikasikia banaita batoto yangu, bote batatu banatoka. Kisha banaita Gisubizo. Mara tatu banamwita, na hasira, juu hatoki. Miaka yote najiuliza, nani aliandikaka ile karatasi muzuri vile?"

Kanisa zima lilinigeukia. Mzee Karaha alikuwa ameshika leso hewani.

"Na jina yako," akauliza, "iko ku hema gani?"

"Halikuwemo, mama."

Nilingoja kipigo. Nilikitaka. Hakuna aliyenigusa. Mama Kostansia aliwageukia wanawake akasema, "Tuanzie upya. Kwa ukoo." Wakaanza, huyu akitaja mjomba, yule shangazi, mwingine akisahihisha. Walikwama mara nyingi. Walitazamana, wakakisia, wakaruka watu na kuendelea. Kila jina walilolisahau lilikuwa mdomoni mwangu, na hakuna aliyeniuliza.