Nyumba Isiyovuja

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, isipokuwa wale ambao alikuwa shangazi yao kweli. Hao waliishi mji mwingine na baba yao, mdogo wake wa pekee, muuza matairi, na hawakumwita chochote kwa sababu hawakupiga simu.

Alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba aliyozaliwa, akalala chumba cha nyuma, na vile vya katikati alivifagia kila asubuhi kwa ajili ya nani, hata yeye hakujua. Mama yake aliugua kwa muda mrefu katika kimojawapo, akafia mikononi mwake. Mdogo mtu alikuja kuzika, akalia sana, akaondoka. Baadaye alirudi mara moja tu, kuchukua redio.

Sasa alitaka fungu lake. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Matairi yalikuwa hayatoki na watoto walitaka kusoma. "Dada, usinielewe vibaya," alisema kwenye simu. "Namleta mthamini aseme nyumba ina thamani gani. Ukiweza kunilipa nusu yangu, baki nayo, mimi sina neno. Ukishindwa, tuuze tugawane."

Shangazi alikuwa na akiba, na chama cha mafundi kilikuwa tayari kumkopesha. Mthamini akitaja bei ya chini, nyumba ni yake. Akitaja ya juu, atafungasha cherehani akatafute chumba cha kupanga. Hesabu yenyewe haikuhitaji msomi.

Jirani yake, mwanamke muuza vyombo asiye na subira na wajinga, alimpa mafunzo papo hapo. "Lile doa la dari chumba cha mama yako usiliguse. Ndoo ya kukingia maji iache pale pale katikati ya chumba, na bomba liache litiririke. Akija, mwambie nyumba inakuangukia. Umenielewa, Shangazi?"

"Nimekuelewa."

"Hata kufagia, usifagie!"

"Jamani, si nimesema nimekuelewa?"

Na kweli alielewa. Kwa siku kadhaa hakushika ufagio, na humo ndani alijiona kama mtu aliyetoka na gauni alilolivaa ndani nje. Kisha mthamini akapiga simu kusema atafika wiki ijayo, na hapo ndipo Shangazi alipojipalia makaa.

Alianza na kizingiti tu. Mgeni hawezi kukanyaga uchafu mlangoni, hata akiwa mgeni wa kukuhamisha. Kutoka kizingiti akaingia sebuleni, maana kizingiti kikishang'aa, sebule inazidi kuonekana chafu. Mapazia yakamtia haya, akashona mapya. Akamwita fundi bomba. Akamwita na fundi rangi, na lile doa la dari, kitu pekee humo ndani kilichokuwa kinamtetea, likapakwa rangi nyeupe mara mbili. Paa lenyewe hakuligusa, muda haukutosha. Ndoo akaipeleka uani. Ungemuuliza kwa nini, angekwambia mama yake hakuwahi kumkaribisha mtu kwenye nyumba chafu hata siku moja, na yeye hakuwa na mpango wa kumwaibisha sasa.

Mthamini alikuwa kijana mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kwa hilo tu Shangazi akampenda. Alikuwa na kifaa kidogo kilichorusha nukta nyekundu ukutani na kumwambia urefu wa chumba. Alipima, akagongagonga kuta, akauliza maswali. Nani alijenga? Dirisha hili ni la mbao gani? Humu walikuwa wanaishi wangapi?

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Shangazi mambo kama hayo tangu mama afe. Watu waliingia chumba cha mbele, wakapimwa viuno, wakatoka. Leo mtu alikuwa anapita chumba hadi chumba akiangalia, na upweke ulikuwa umembana mwanamke huyu kiasi kwamba mdomo ulifunguka ukakataa kufungika. Akamwonyesha dirisha alilolichonga baba. Akaigonga sakafu kwa kisigino ili kijana asikie ilivyo imara. Akamwonyesha hata pembe ambayo mdogo wake alijifunzia kusimama, jambo ambalo halina bei. Chai akaimimina, na kijana aliposema amalize kazi kwanza, akamfunikia.

"Paa vipi, mama? Kuna mahali panavuja?"

Hapa ndipo penyewe. Jirani angekuwepo, angemkanyaga mguu.

"Kuvuja?" Shangazi alicheka, karibu audhike. "Nyumba hii?"

Kijana akaitikia kwa kichwa. Wakati anavaa viatu alisema, "Nyumba imetunzwa, mama." Jioni ile Shangazi alikula mezani sebuleni badala ya kando ya cherehani, na alikuwa na furaha isiyo na kifani.

Jirani alipoyaona mapazia mapya, alijishika kichwa. "Umejimaliza mwenyewe," alisema, akaenda zake.

Simu ya mdogo mtu ilikuja siku mvua za kwanza zilipoanza. "Dada! Umeisikia bei?" Akaitaja. Shangazi akapiga hesabu haraka. Akiba yake na mkopo wa chama, hata angeshona mpaka macho yaingie kiza, visingeifikia nusu ile.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Utaiweza?"

"Sitaiweza."

Ile furaha ikamtoka mdogo mtu. "Sasa sikiliza. Kama kuna kasoro hakuiona, sema. Nitampigia mimi mwenyewe arudi apunguze. Sitaki uhame, Dada. Siku ile nilipokuja kuchukua redio niliona doa darini, chumba cha mama. Pale hapavuji?"

Shangazi alikuwa amesimama chumba hicho hicho. Juu yake rangi nyeupe ilikuwa imevimba, na tone la kwanza lilikuwa linajikusanya. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingekwenda kwa mtu aliyeondoka nyumba ikiwa nzima, akamwachia yeye vyote, mama, paa na ufagio. Amwambie huyo kwamba imemshinda?

"Mama aliniachia nyumba isiyovuja," alisema. "Haivuji."

"Una hakika?"

"Yule kijana alisemaje kuhusu nyumba?"

"Alisema hajawahi kuona nyumba iliyotunzwa namna ile."

"Hebu rudia."

Mdogo mtu akarudia, polepole. Wakaagana, na Shangazi akaenda uani kuleta ndoo.