Kumi na Mbili Inayonuka Miguu

Jamani, sijui nianzie wapi!

Chuo kimefungwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo mtihani wangu wa mwisho wa mdomo nimeufanyia jikoni kwetu Aarhus, kwenye kompyuta. Dakika ishirini nimejieleza mpaka koo limekauka. Mwalimu wangu Torben akasema, "Haya Liva, tupishe kidogo tujadili alama." Nikazima kamera na maiki, nikangoja anitoe kwenye kikao. Hakunitoa! Alisahau kubonyeza.

Basi kwenye skrini nikamwona mtahini wa kutoka nje ya chuo, mzee Preben, anapandisha mguu mezani na kuanza kukata kucha. Kucha zinarukia sahani ya mkate! Akaupuliza mkate, akaula.

"Umemwonaje?" Torben akauliza.

"Nimwone wapi, bwana? Sauti nimeiwasha sasa hivi, nilikuwa natazama mpira. Mpe saba, ya wastani. Wote wa leo nawapa saba."

"Saba basi," Torben akajibu, huku anacheka!

Nikawasha kamera na maiki. "Mie bado nipo hapa, mabwana."

Mguu wa Preben ukashuka puu! Torben uso ukamwiva. "Liva! Ee, tulikuwa tunasema... kumi na mbili!" Alama ya juu kabisa hiyo!

Mama alishapandisha bendera bustanini, kama desturi yetu siku ya sherehe, ananipungia dirishani. Nikawaambia, "Siitaki, inanuka miguu. Niulizeni upya, na safari hii huyo mzee asikilize."

Wakaniuliza upya, dakika ishirini nzima. Nimepata kumi, na kumi hiyo ni yangu.